Mwizi wa Skrubu

Mume wangu Pandu aliitwa mwizi kiwanjani, mchana kweupe, mbele ya nusu ya watu wa Wete, na aliyemwita si mtu baki. Ni Himid, mdogo wangu wa tumbo moja, mtoto niliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikaniuma. Watu huniambia, Kazija we, mambo ya zamani hayo, yaache. Niyaache wapi? Nyumba ndogo hii, kila nikiyaweka nayakanyaga tena.

Himid alikwenda Nairobi kijana, akapata kazi katika karakana ya ndege. Huko Mzungu mmoja mwenye ndege yake akampenda kwa bidii yake, akamfundisha kurusha mpaka akapata leseni. Mwaka wa hamsini na tisa akarudi Pemba na sanduku la michoro na injini ya gari dogo imezongwazongwa magunia, akatangaza kuwa ataunda ndege. Ndege ya mbao! Atapeleka barua na dawa Tanga na kurudi siku hiyo hiyo, watu wasingoje meli. Wete nzima ilicheka. Mama yetu, Bimkubwa, hakucheka. Alishika tama siku tatu, kisha akasema, "Mungu ndiye mlinzi," akarudi kwenye kazi zake.

Himid ni mtu wa vyuma, mbao hazijui, basi akaja kwetu kwa adabu zote. "Shemeji Pandu, nataka mkono wako." Na mkono wa Pandu ulikuwa ukitafutwa wakati huo, si maneno yangu, milango yake ilikuwepo toka Wete mpaka Msuka, ncha ya kaskazini. Akaacha kazi za watu, akaingia ghala la karafuu la marehemu baba, miezi na miezi, anaranda mbao nyembamba kama biskuti na kuzigandisha kwa gundi. Akirudi nyumbani nywele zimejaa vumbi, nikimuuliza mnafika wapi, ananionyesha kwa mikono miwili hewani namna ubavu wa ndege ulivyopinda. Alifurahi. Nasema alifurahi ili mujue kilichokuja kuharibiwa.

Sasa, jambo la ndege ile lilikuwa dira. Himid aliwakusanya wanaume wote wa ghalani, akaweka dira juu ya meza, akasogeza msumari wa chuma. Ule mshale wa ndani ukageuka ukaufuata msumari kama kuku anavyofuata mtama. "Mumeona?" akasema. "Chuma kikikaa karibu na dira, dira inasema uongo. Kwenda Tanga si neno, bara ni kubwa, hata ukikosea utaiangukia tu. Lakini kurudi! Pemba ni ndogo. Dira ikinidanganya kidogo, nitapita kaskazini ya Msuka bila kuiona nchi, na mbele yangu ni bahari tupu mpaka Bara Hindi, na mafuta yangu ni ya kufika Wete." Tangu hapo ikawa sheria. Karibu na dira skrubu ni za shaba tupu, kishikizo cha shaba, waya za umeme zisukwe pamoja mbili mbili, na mtu asiache hata bisibisi kwenye kiti. Skrubu zile za shaba Himid aliziagiza mbali, zikaja ndani ya kikopo, akamkabidhi Pandu mwenyewe mkononi.

Haya niliyajua kwa sababu mume wangu hunambia mambo. Ghalani hatukuitwa wanawake. Tulishona kitambaa cha mbawa, tulipika chai ya watu wote hao, lakini siku ya kuonyeshwa dira na msumari hakuna aliyesema waiteni na wao. Lishikeni hilo, maana nimelishika mimi mpaka leo.

Mwisho wa kazi Himid akataka mto wa ngozi uzungushwe kwenye ukingo wa pale anapokaa, ili ndege ikirukaruka asijipige kifua. Mama akasema huo ataushona yeye, na asisaidiwe na mtu. Akajifungia chumbani kwake na ngozi na usufi, akashona kwa mkono, mishono midogomidogo imelala sawa utadhani ya cherehani. Himid alipoupokea akambusu mkono. Akaufunga mwenyewe kwenye ukingo, juu kidogo tu ya dira, siku ile ile Pandu alipokaza ubao wa vyombo kwa zile skrubu za shaba. Kabla ya siku hiyo dira ilijaribiwa humo ghalani ikawa haina kasoro.

Ndege ikapakiwa kwenye lori, mbawa mbali kiwiliwili mbali, ikapelekwa kiwanja cha ndege, na sisi nyuma kwa magari na baiskeli na miguu. Ilikuwa siku ya kupima dira tu, si ya kuruka, lakini watu hawakujali. Himid akachora mistari ya chokaa chini, huu kaskazini, huu mashariki, akiongozwa na dira nyingine aliyoishika mkononi mbali na ndege. Kisha wanaume wakaikamata ndege mkia, wakaigeuza mstari hata mstari, yeye yumo ndani anasoma.

Mstari wa kwanza nikaona uso wake unabadilika. Wa pili akatoka akaitazama chokaa upya. Wa mashariki ndio uliomaliza maneno. Ndege imetazama mashariki barabara, dira inasema imeinamia kusini, na si kidogo. Mtu akiifuata hiyo kutoka Tanga atavutwa kaskazini, ndiyo ile njia ya bahari tupu.

Himid akashuka. Hakuuliza. Angalau angeuliza! Akamwendea mume wangu, akasimama naye uso kwa uso.

"Shemeji, skrubu zangu umezipeleka wapi?"

Pandu akadhani anatania. "Si hizo hapo, umezikalia."

"Hapa umetia za chuma. Za shaba umeuza. Ghalani dira ilikuwa nzima, umekaza ubao wako, dira imekufa. Baina ya siku ile na leo kilichoingia ni mkono wako tu. Umeniibia, na ulikuwa radhi nife baharini kwa kopo la skrubu!"

Lo! Mimi nikasema, "Himid, we Himid, huyo ni nani unayemwambia hivyo?" Hata hakunitazama. Pandu alikuwa na kibiko chake mkononi, kalamu ile ya seremala, akaitia nyuma ya sikio taratibu. "Fungua ubao," akasema. "Vunja kama unataka. Ukikuta chuma nikate mkono."

Akavunja. Wallahi alivunja, pale pale kiwanjani, kwa patasi ya Pandu mwenyewe. Kwanza alichomoa dira, akauvua ule mto na vioo vya kukinga upepo akavitupa pembeni, kisha akautia patasi ubao ule alioukeshea mume wangu, mbao zikalia kaa, kaa, kaa, na skrubu zikatoka moja moja. Shaba. Ya pili shaba. Zote shaba, ziking'ara kwenye kiganja chake kama siku alipozitoa koponi.

Sasa nyinyi mngefanya nini? Mngesema nisamehe. Himid akasema, "Basi umezificha ndani zaidi, kwenye mbavu zilizogandishwa." Akageuka akaondoka.

Pandu alirudi nyumbani akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue. Nikamtilia chai ikapoa. Kesho yake akaja Msellem, mwenye duka, aliyekuwa ameleta mbao za mlango wake. "Fundi," anasema huku anatazama miguu yake, "nimeona nizirejeshe hizi kwanza, mambo ya nyumba yamechelewa." Mambo ya nyumba! Nyumba iko pale pale sokoni, kila mtu anaiona, haina mlango, imetundikwa gunia. Akabeba mbao zake. Baada yake akaja mwingine, na mwingine akatuma mtu. Mwisho wa wiki karakana ya Pandu ilikuwa na mbao zake mwenyewe tu na paka.

Na Himid? Himid alitengeneza ubao mwingine kwa mikono yake, umekaa upande, akafunga dira, akarejesha mto na vioo, akapima tena. Dira vile vile, uongo ule ule. Akaapa kuwa sasa atazikata mbavu kwa msumeno azitoe hizo skrubu za Pandu, maana mkaguzi kutoka Nairobi anakuja wiki inayofuata, na ndege yenye dira mbovu hapitishi.

Niliposikia msumeno nikatupa upawa. Nikavaa buibui langu mpaka kwa Mama. Nilikwenda kusema, na nilisema. Nikamwambia, mwanao kichaa, mwanao hana haya, mwanao kamfanya mume wangu takataka, na wewe umekaa hapa unachambua mchele. Mama akaendelea kuchambua. Nikamwambia, na ulivyonyamaza ndivyo watu wanavyosema hata mkwewe hamuamini.

Akainua kichwa. "Miye sijamtuhumu ntu. Naambiwa dira imeharibika. Dira sijui ni kitu gani. Hizo skrubu za chuma kwani zina dhambi gani?"

"Chuma, Mama! Chuma kikikaa karibu na dira inasema uongo."

"Chuma chochote?"

"Chochote."

"Hata kikiwa kidogo?"

Akaweka ungo chini. Mchele ukamwagika upande mmoja na Mama hakuuokota, na Mama ninayemjua mimi huokota mchele hata wa mezani kwa watu.

"Nimetia kisu," akasema. "Kwenye nto."

Hapa lazima niseme, ingawa mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Mtoto akizaliwa, siku arubaini halazwi peke yake bila ya chuma chini ya mto wake, ili wale wasioonekana wasimchezee. Kwa nyumba yetu ni kisu, kidogo, cha mpini wa pembe. Sisi sote tumekilalia. Himid amekilalia, wanangu wamekilalia. Mama alisema, "Ile ndege imezaliwa juzi, na mwanangu anaingia ndani yake aende juu huko peke yake. Ningeiachaje mikono mitupu? Kila ntu alipewa kazi yake, hakuna aliyenambia chuma ni adui. Weye ulijua, Kazija?"

Nilijua. Nilijua kwa kuwa nina mume anayezungumza na mkewe. Yeye hana mume tena, na mwanawe alimbusu mkono akachukua mto akaenda zake. Nilitaka kumkasirikia Mama na nilimkasirikia, kidogo, lakini hasira ilikuwa na pahala pake pengine ikakimbilia huko. Nikamshika mkono tukaenda ghalani, ndege imekwisha rudishwa huko, tukamkuta Himid na msumeno kweli.

"Weka chini hicho," nikamwambia. "Fumua mto."

Alifumua kwa ncha ya mkasi. Usufi ukaruka, halafu kisu kikateleza kwenye kiganja chake. Alikitazama akakijua. Akenda akakiweka nje ya mlango, mbali, akarudi akainama juu ya dira. Mshale ulikuwa umekaa mahali pake umetulia, mtulivu kama mtu aliyekwisha sema yake.

Mnajua alichofanya? Alicheka! Akamkumbatia Mama, akamnyanyua juu kidogo, akamwambia, "Mama we, ungeniua kwa mapenzi!" Mama analia, yeye anacheka na kumfuta machozi kwa kanzu yake. "Si neno, Mama. Si neno hata kidogo. Hukujua."

Si neno. Aliyetia kisu si neno, na asiyetia kitu ni mwizi! Mimi sikutaka Mama atukanwe, Mungu shahidi. Nilitaka na Pandu apate hiyo si neno yake.

"Sasa twende sokoni," nikasema, "ukasimame pale barazani kwa Msellem useme kwa sauti ile ile uliyosemea kiwanjani."

Himid akaacha kucheka. "Dada, fikiri. Nitasema nini? Mama yangu kaweka kisu? Watu watasema ndege ya Himid ina mambo, imezindikwa, nani atanipa barua zake? Na Mama atakuwa midomoni mwa watu. Mkaguzi akisikia kuna mtu alificha chuma ndani ya ndege hataitia saini maisha. Acha ipite. Nitazungumza na shemeji faragha, ataelewa, yeye mtu mzima."

"Ulimtukana faragha?"

"Dada..."

"Nakuuliza, ulimtukana faragha?"

Alikwenda kweli kuzungumza na Pandu, faragha, jikoni kwangu. Pandu alimsikiliza, akamwambia, "Nimekusikia, shemeji," basi. Himid akatoka ameona yamekwisha. Nikamuuliza mume wangu kwa nini hakumfukuza na ufagio. Akasema, "Namuombea afike salama, ni ndugu yako." Nilimkasirikia na yeye. Siku zile nilikasirikia mpaka kuku.

Siku ya mkaguzi kiwanja kilijaa kuliko siku ya kwanza. Pandu hakuja, alikwenda Kojani, alisema kuna jahazi linataka mbao, nami najua hakukuwa na jahazi. Mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye soksi mpaka magotini, alizunguka ndege, akagongagonga, akaipima dira kwenye mistari ya chokaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatia saini. Watu wakapiga makofi. Himid akasimama juu ya gurudumu akawashukuru wote: waliobeba, waliopaka rangi, mwenye lori, wazee kwa dua zao. Jina la aliyeunda kila ubavu wa ndege ile halikutoka mdomoni mwake. Akavaa miwani akaingia ndani.

Nikapita katikati ya watu nikaenda kusimama mbele ya pangaboi.

"Dada, toka hapo," Himid anasema kwa sauti ya chini. "Nitawasha."

"Washa."

"Dada, unaniaibisha."

"Na mimi je? Hii ndege haisogei mpaka useme skrubu zilikuwa nzima na mume wangu hakuiba. Maneno hayo tu. Huna haja ya kumtaja mtu mwingine."

Mkaguzi anauliza kuna nini, watu wanasukumana wapate kuona. Himid ananifanyia ishara ya mkono nitoke. Na hapo nikamsikia Mama nyuma yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, akainuka kwa kujikongoja, akasema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu siku ya msiba wa baba:

"Jamani, nsikizeni. Mkwe wangu Pandu hajaiba hata nsumari. Kisu changu cha watoto nimekitia miye kwenye nto wa ndege, ndicho kilichoipoteza dira. Wa kulaumiwa ni miye."

Kisha mtu mmoja akaguna, mwingine akaangua, na kiwanja kizima kikapasuka kwa kicheko. Kisu! Kaiweka ndege arubaini kama kichanga! Watu walikaa chini kwa kucheka, wanapigana mabega, mtu anamfasiria mkaguzi na mkaguzi naye anacheka. Hawakumcheka Mama kwa ubaya, walimpenda kwa hilo, wanawake wakampigia vigelegele. Himid akashusha pumzi, akacheka na yeye, akapunga mkono. Nikasogezwa pembeni na watu. Injini ikanguruma, ndege ikakimbia ikapaa, na kila shingo ikaelekea juu.

Alifika Tanga, akarudi, ameiona Pemba mbele yake kama alivyotaka. Sikuomba vingine.

Kisa cha kisu kilizunguka kisiwa chote. Kilisimuliwa harusini, kilisimuliwa mnadani, kila mtu akiongeza chumvi yake, mara kisu kimekuwa panga, mara Mama alikuwa amepanda ndani ya ndege. Nilikisikiliza kila nilipokikuta, nikingoja pahala pa Pandu. Wengi walipapita kwa haraka. Wengine hawakuwa napo kabisa.

Miezi kadhaa baadaye akaja Mzee Jecha kutoka Msuka, ameleta mbao za mlango kwa gari la ng'ombe. Mteja wa kwanza wa maana tangu masaibu yale! Nilimkaribisha mwenyewe, nikamtilia kahawa. Akatusimulia kisa cha kisu, sisi, katika nyumba yetu, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Pandu akatabasamu, akachukua mbao akazipima kwa jicho, akamwambia mlango utakuwa tayari baada ya Ijumaa mbili, na misumari ya shaba inapatikana kwa Msellem.

"Misumari ninayo," akasema Jecha, akapapasa mfuko wake akaushika, hakuutoa. "Nitakuwa nakuja nayo mwenyewe kila asubuhi, fundi. Nitakaa hapa ukipigilia, jioni nitaondoka na iliyobaki. Si kama sikuamini, hasha. Ndiyo tu, watu walisemasema."

Nilikuwa na buli la kahawa mkononi, la moto. Pandu alinitazama, mara moja tu, nikalirudisha mekoni. Mume wangu akaenda pembeni, akakipangusa kigoda kwa kiganja, akakiweka karibu na meza yake ya kazi.

"Kaa hapa, Mzee Jecha," akasema. "Hapa utaona vizuri."

Akakaa. Nilikuwa jikoni nalia kwa hasira siku nyundo ilipoanza, na baada ya kila msumari nikimsikia Jecha anahesabu.